Jinsi ya kuunganisha mifumo ya biashara bila kuifunga pingu

Hajati ana duka la jumla Arua: mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Siku aliyoniita nilikaa nyuma ya kaunta kuanzia adhuhuri hadi saa kumi na mbili jioni, nikimtazama keshia wake. Mteja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, amelipa kwa simu. Keshia anafungua simu, anasoma namba ya muamala kwa sauti ya chini, anaiandika kwenye programu ya mauzo. Anageukia kompyuta ya pili, anaingia tovuti ya EFRIS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi (URA), anaandika upya bidhaa zile zile ili ankara ya kodi itoke. Kisha anavuta daftari la jalada jekundu na kuandika mara ya tatu, maana mhasibu yuko Kampala na kila Jumamosi hutumiwa picha za kurasa hizo kwa WhatsApp. Magunia kumi ya sukari yameandikwa mara tatu kabla hayajapakiwa. Siku ile tatu ya kwenye simu ilifika kwenye daftari ikiwa nane, na hakuna aliyeona hadi mhasibu alipopiga simu wiki iliyofuata.

"Mwanangu," Hajati akaniambia, "programu ninazo nne. Lakini mfumo wangu ni kidole cha huyu binti."

Jukwaa la muunganisho ni programu inayokaa katikati ya programu nyingine ili kufanya kazi ya kidole hicho. Inapokea habari upande huu, inaigeuza iendane na upande ule, inaipeleka, na kama haikufika inajaribu tena. Maelezo yafuatayo ni jinsi ninavyoliweka kwenye biashara za saizi ya Hajati. Shirika kubwa lina wataalamu wake na bajeti yake, ingawa makosa ni yale yale.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kununua programu moja inayofanya kila kitu. Inavutia, na muuzaji ana maneno matamu. Ila ukishahamia humo, stoo, mishahara, mauzo na hesabu vyote vimekaa ndani ya chungu kimoja. Sehemu ya mishahara ikikushinda, huwezi kuitoa peke yake.

Mtego wa pili ni kuunganisha kila programu na kila nyingine moja kwa moja. Ukiwa na programu tano na zote zinaongea, una njia 10 za kutunza. Zikifika nane, njia ni 28. Kijana aliyezijenga akipata kazi nzuri zaidi Kampala, umebaki na nyuzi ambazo hakuna anayejua ipi inavuta ipi.

Tazama paki za teksi za Kampala. Dereva wa Mukono hana haja ya kujua njia ya Entebbe. Anashusha abiria paki, abiria anapanda gari jingine. Kila programu iwe na njia moja tu, ya kwenda paki, yaani kwenye jukwaa, kitovu chetu. Serikali yenyewe imefuata mpango huo: UGhub, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ni kitovu ambacho taasisi za umma hupitia kubadilishana data badala ya kila ofisi kuvuta waya wake kwenda kwa kila ofisi.

Una programu mbili tu? Acha kusoma hapa, ziunganishe moja kwa moja na uokoe pesa zako.

Hatua ya 1: Fuata mauzo mamoja kwa kalamu

Usiguse kompyuta. Chukua karatasi, chagua mauzo mamoja ya kweli ya jana, na uandike kila mahali yalipopita na kila mkono ulioyagusa. Kwa Hajati tulipata mikono saba. Yeye alidhani ni mitatu.

Kisha, kwa kila habari, andika ni programu ipi yenye neno la mwisho. Bei ya gunia: programu ya mauzo. Kiasi kilichopo stoo: programu ya stoo. Namba ya ankara ya kodi: EFRIS, na si mwingine. Kama malipo yameingia au hayajaingia: kampuni ya simu, hata keshia akiapa kwamba mteja amemwonyesha ujumbe kwenye simu yake. (Ujumbe wa kughushi ni ufundi wa zamani mpakani.)

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kama kazi ya kompyuta. Nimeona muunganisho mzuri kabisa ukivurugika kwa sababu programu mbili ziliruhusiwa kubadili bei. Kila usiku moja ilifuta kazi ya mwenzake.

Hatua ya 2: Piga hodi kwenye kila mlango

API ni mlango ambao programu moja hupigia hodi kwa nyingine. Uliza kila programu yako: mlango upo? Unafungukaje? Nani ana ufunguo?

EFRIS, mfumo wa URA wa ankara na stakabadhi za kielektroniki ulioanza kutumika Januari 2021, una njia kadhaa. Unaweza kuandika kwenye tovuti, kutumia programu ya kompyuta, kununua mashine ya stakabadhi, au kuunganisha mfumo wako na wao moja kwa moja. Ni njia hii ya mwisho tunayoitaka. Kila ankara inayorudi huja na namba yake, FDN, na msimbo wa QR ambao mteja anaweza kuuhakiki. Namba hiyo lazima irudi hadi kwenye programu yako ya mauzo, la sivyo utakuwa na ankara mbili zisizojuana kwa mauzo mamoja.

Upande wa pesa za simu, MTN MoMo ina API iliyo wazi kwa watengenezaji na mazingira ya majaribio. Usishtuke: mazingira hayo ya majaribio hutumia yuro, hayatumii shilingi. Vijana wengi wamepoteza siku nzima wakidhani msimbo wao umeharibika kumbe wameandika UGX mahali panapotakiwa EUR.

Na programu isiyo na mlango wowote? Mara nyingi inaweza kutoa faili la jedwali. Faili moja kila usiku saa sita, jukwaa linalisoma na kuligawa. Hakuna aibu hapo. Mhasibu wa Hajati anapokea hesabu zake hivyo hadi leo na ameridhika.

Hatua ya 3: Tunga lugha ya duka lako

Ningeambiwa nichague hatua moja tu ya kuifanya vizuri, ningechagua hii. Kila programu ina lahaja yake. Ukiruhusu lahaja ya programu ya mauzo iwe lugha ya kitovu, siku ukiibadilisha programu hiyo umebadilisha kila kitu. Kwa hiyo tunga muundo wako mwenyewe wa "mauzo", wa "malipo", wa "bidhaa", na kila programu itafsiriwe kwenda na kutoka humo. Kwa Hajati, ujumbe wa mauzo unafanana hivi:

mauzo: ARU-004512
wakati: 2025-03-08T16:40:00+03:00
bidhaa: SUKARI-50KG
kipimo: gunia
idadi: 10
bei_moja: 185000
sarafu: UGX
toleo: 1

Mistari minane tu, na kila mmoja umezua ugomvi wake.

Wakati: seva nyingi huhifadhi saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Lori likipakiwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1, kwa seva bado ni saa tano usiku wa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Mauzo yanaangukia mwezi mwingine, na marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, pamoja nayo. Ndiyo maana ile +03:00 haiachwi. Na mkikaa kikao, kubalianeni saa mnayoisema ni ya Kiswahili au ya kompyuta. "Saa nane" imewahi kututia matatani.

Kipimo: stoo inahesabu magunia, kaunta inauza kilo, EFRIS ina orodha yake ya vipimo. Amua kimoja kiwe cha msingi na uandike jedwali la kugeuza.

Sarafu: shilingi ya Uganda haiandikwi senti, lakini programu za nje hupenda kuweka .00, na kuna nyingine zinazosoma nukta hiyo vibaya na kuzidisha kwa mia. Wateja wa Kongo hulipa dola pia, kwa hiyo kiasi kisisafiri bila jina la sarafu.

Namba za simu nazo zina kisa. Kanuni iliyoandikwa na fundi aliyenitangulia ilikuwa: ikianza na 0, ondoa 0, weka 256. Kampala ingetosha. Arua, mteja wa Ariwara naye huandika namba yake ikianza na 0, wakati nchi yake ni 243, na wa Sudan Kusini ni 211. Ujumbe wa "mzigo wako uko tayari" ulikuwa unakwenda kwa Waganda wasio na habari na magunia yoyote. Sasa keshia anachagua nchi kwanza, na namba inasafiri na msimbo kamili.

Ule mstari wa mwisho, toleo, utauona faida yake baadaye.

Hatua ya 4: Chagua jukwaa la saizi yako

Majukwaa ni mengi. Zapier hukaa mtandaoni, huhitaji seva, unalipia kwa idadi ya kazi zinazofanyika, na kwa duka lenye mauzo mengi madogo bili hupanda haraka, tena kwa dola. n8n unaweza kuiweka kwenye seva yako na kuitumia ndani ya biashara yako bila malipo ya leseni, na unachora njia kwa visanduku na mishale. Apache Camel ni ya waandishi wa programu wa lugha ya Java wenye subira. WSO2, iliyozaliwa Sri Lanka mwaka 2005, na MuleSoft, ambayo Salesforce iliinunua mwaka 2018, ni za benki, kampuni za simu na wizara. Ukimwona mtu anakuuzia MuleSoft kwa duka la sukari, mpe chai umuage.

Kwa Hajati niliweka n8n. Wewe chagua ile ambayo yuko mtu wa karibu anayeweza kuitengeneza Jumapili. Hicho ndicho kipimo changu, na kimenifaa kuliko jedwali lolote la kulinganisha sifa.

Je, ikae wapi? West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa na umeme wetu tunaujua. Nilifanya nusu kwa nusu: kompyuta ndogo dukani yenye betri inapokea mauzo na kuyashika, seva ya mtandaoni inafanya mazungumzo na EFRIS na kampuni za simu. Umeme ukikatika, kaunta inaendelea kuuza.

Hatua ya 5: Jenga njia moja tu, ile ya pesa

Anza na malipo. Ndiyo njia inayouma ikikosewa, kwa hiyo utaitengeneza kwa makini, na nyingine zote zitaiga.

Hapa niungame. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, kwa mteja mwingine, niliandika programu iliyomwomba mlipaji pesa kupitia simu na, jibu lisiporudi ndani ya sekunde thelathini, iliomba tena. Niliona ni uangalifu. Jioni moja mtandao ulikuwa mzito, maombi yalifika lakini majibu hayakurudi, na baba mmoja aliyekuwa ananunua mabati aliletewa ombi la shilingi 340,000, akaweka namba ya siri, likaja jingine, akaweka tena akidhani la kwanza limegoma. Alikuja dukani asubuhi na simu mkononi. Hakupiga kelele. Aliniwekea simu mezani, akakaa, akasubiri. Kosa lilikuwa langu mimi, asilimia mia.

Dawa yake ni hii. Kila ombi la malipo lipewe namba ya kumbukumbu unayoitengeneza wewe, mara moja, kabla halijatoka. Ukijaribu tena, tumia namba ile ile. API ya MoMo inadai namba hiyo kwa kila ombi na hukataa nakala kwa jibu la 409. Mimi nilikuwa natengeneza namba mpya kila jaribio, kwa hiyo kila jaribio lilikuwa deni jipya.

Jambo la pili kwenye njia hii: jibu la kwanza, 202, maana yake ni "nimepokea ombi lako", halina maana ya "amelipa". Hali inabaki PENDING hadi mteja aweke namba yake ya siri, kisha inakuwa SUCCESSFUL au FAILED. Taarifa ya mwisho hutumwa kwenye anwani uliyoiandikisha, lakini usiketi ukiisubiri. Jukwaa lako lenyewe liende kuuliza hali kila baada ya muda hadi lipate jibu la mwisho. Mzigo usitoke kwa PENDING.

Hatua ya 6: Weka foleni katikati

Usiruhusu programu ya mauzo imsubiri EFRIS ajibu ndipo keshia amhudumie mteja mwingine. Mauzo yaingie kwenye foleni, keshia aendelee, jukwaa lichukue moja moja na kupeleka. Upande wa pili ukiwa umelala, ujumbe unangoja.

Ungoje muda gani? Programu nyingi huja zimepangwa kukata tamaa baada ya saa chache. Sisi tuna kipimo chetu. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi tarehe 18. Foleni ya kutumika Uganda ishike ujumbe angalau wiki mbili, iuandike kwenye diski na isiuweke kwenye kumbukumbu ya muda tu, na ijaribu tena kwa kuachanisha: dakika moja, tano, nusu saa, saa. Ukijaribu kila sekunde, mtandao utakaporudi utaigonga EFRIS kwa maelfu ya maombi kwa mpigo mmoja.

Mpangilio nao una maana. EFRIS inataka bidhaa iwe imesajiliwa na kuingizwa stoo kwake kabla hujaitolea ankara. Ujumbe wa "magunia 200 yameingia" ukichelewa nyuma ya ujumbe wa "magunia 10 yameuzwa", ankara itakataliwa. Kwa hiyo ujumbe wa bidhaa moja usafiri kwa zamu yake, mapokezi yakitangulia.

Na ule unaokataliwa kabisa? Tengeneza kapu. Ujumbe ulioshindikana mara tano uingie humo, na mtu mwenye jina na mshahara alifungue kila asubuhi. Kwa Hajati ni yule yule keshia, na siku hizi anajua sababu za kukataliwa kuliko mimi.

Hatua ya 7: Funguo na majina ya watu

Fupi tu. Funguo za API zisikae ndani ya msimbo wala kwenye kundi la WhatsApp. Kila programu iwe na ufunguo wake, ili ukiufuta mmoja nyingine ziendelee. Majina na namba za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na anayezikusanya anapaswa kujisajili kwa ofisi ya ulinzi wa data binafsi iliyo chini ya NITA-U. Mhasibu anahitaji kiasi na tarehe. Hana haja ya namba ya simu ya mteja, kwa hiyo kitovu kiiondoe kabla faili halijaenda.

Hatua ya 8: Kitovu kisiote tumbo

Baada ya miezi michache, kila mtu atataka kuweka kitu chake katikati. "Hapo hapo ongeza punguzo la wateja wa Ijumaa." Ni rahisi, ni visanduku viwili tu. Usikubali. Punguzo ni kazi ya programu ya mauzo. Kitovu kitafsiri, kipeleke, kijaribu tena, basi. Ukianza kuficha bei na sheria za biashara humo, utakuwa umejenga ule mfumo mmoja mkubwa ulioukimbia, safari hii bila hata mwongozo wa mtumiaji.

Muundo wa ujumbe ukihitaji kubadilika, ongeza mstari, usibadili maana ya uliopo. Hajati alipoanza kukopesha, tuliongeza "tarehe_ya_kulipa" na toleo likawa 2. Programu ya stoo, isiyojali mikopo, iliendelea kusoma toleo la 1 na haikujua kuna lililotokea.

Hatua ya 9: Ng'oa kitu kimoja

Huwezi kujua kama sehemu za mfumo wako zinaachana kwa kweli hadi uziachanishe. Chagua sehemu isiyo ya hatari sana na uibadilishe kwa makusudi. Sisi tulianza na huduma ya kutuma SMS, kazi ya dakika ishirini. Kisha ikaja ya kweli: Hajati aliichoka programu yake ya mauzo, akataka Odoo.

Tulifanya hivi. Tuliandika mtafsiri mpya mmoja, kati ya Odoo na kitovu. Kwa siku saba programu zote mbili zilipokea mauzo yale yale, lakini ya zamani pekee ndiyo iliyoruhusiwa kupeleka EFRIS. Kila jioni tulilinganisha jumla. Siku ya pili zilipishana kwa shilingi 18,000: Odoo ilikuwa inaongeza VAT ya asilimia 18 juu ya bei ya sabuni ya 100,000 ambayo tayari ilikuwa na VAT ndani. Tukarekebisha. Siku nne mfululizo zikalingana, na Jumamosi usiku tukahamisha ruhusa.

Jumatatu asubuhi nilimpigia mhasibu Kampala kumuuliza kama faili lake lina kasoro yoyote.

"Kasoro gani?" akauliza. "Kwani mmebadilisha kitu?"